Toa Uvundo, Umwache Mama

Jirani yangu Kavindu hunusa nguo yako kabla ya kukusalimu. Usichukulie vibaya, ndivyo alivyo. Ukisimama mlangoni pake na mfuko ataufungua, atatumbukiza uso mzima ndani, na akishainua kichwa ndipo atakusalimu, "Sasa." Kabla hujajibu atakueleza nguo ilikolala: chini ya kitanda, juu ya kabati karibu na stovu ya mafuta ya taa, au ndani ya bunda la mitumba lililonyeshewa. Mimi ni Wangoi, napika chapati na maharagwe katika ploti hiyo hiyo hapa Kawangware. Mlango wangu na wake inatazamana, na tangu tuwe majirani sijawahi kuunguza kitunguu bila Kavindu kunitangazia ng'ambo ya ua.

Madobi wako wengi mtaa huu. Kavindu ni dobi wa nguo zilizoshindikana. Koti la babu lililokaa sandukuni mpaka likanuka panya, suti iliyofungwa kwenye nailoni ikiwa mbichi, blanketi lililorudi kutoka bweni, hizo ndizo zake. Manukato hayapendi hata kidogo. Ukiipulizia nguo pafyumu ukidhani utamficha, anakurudishia pale pale na kukuambia, "La kuvunda halina ubani, mama. Harufu haifunikwi. Inatolewa." Siri yake ni upepo wa kivulini, siki, magadi, na zaidi ya yote makaa. Lakini hata yeye alikutana na nguo yake, na mimi nilikuwepo, kwa hivyo usiniambie mambo ya kusikia.

Mvua ndefu zilikuwa zimeisha tu. Akaja msichana mrefu kutoka Makina, kule Kibera, amejifunga mtandio kichwani, amebeba kitu kilichofungwa ndani ya shuka jeupe. Alikibeba kwa mikono miwili kifuani, vile mtu hubeba mtoto aliyelala.

"Sasa, Mama Mutinda," akasema. Mutinda ni kifungua mimba wa Kavindu, siku hizi yuko Machakos. "Naitwa Afrah. Niliambiwa wewe ndio unatoa harufu zimekataa."

Kavindu alifungua shuka, akainama, akarudi nyuma kwa kishindo.

"Sanduku la bati," akasema. "Chini ya kitanda. Maji yaliingia ndani ya nyumba. Na kuna mtu aliweka vile vidonge vyeupe vya mende kama anatia chumvi nyama ya sherehe."

"Ni mama mdogo, Zeinabu. Aliogopa wadudu watakula."

"Wadudu wangekula kidogo. Huyu amemaliza."

Ilikuwa gurbaba, shuka pana ambayo wanawake wa Kinubi hujifunga wakienda kwenye shughuli. Nyekundu iliyokolea, yenye maua ya manjano, pindo lake limepata madoa ya ukungu. Hata mimi niliyesimama kwenye jiko langu nilifunika pua.

Afrah hakufunika yake. Aliketi kwenye kigoda cha Kavindu akatusimulia. Ilikuwa ya mamake, Batuli, aliyekuwa akiuza mandazi na kahawa ya tangawizi nje ya nyumba yao. Batuli alipofariki, Afrah alikuwa Doha, kazi ya nyumba. Walimzika siku hiyo hiyo kama dini yao inavyotaka. Simu ilimkuta anapiga pasi kanzu ya mtu, na ilibidi amalize kuipiga. Aliporudi alikuta nguo za mama zimeshagawanywa, imebaki hiyo moja ambayo mama mdogo alimfichia. Na sasa anaolewa, Jumapili ijayo.

"Kwetu bibi harusi anatoka nyumbani na gurbaba ya mamake," akasema. "Na mama mwenyewe ndio anamfunga. Anaichomeka hapa kwa kwapa, halafu anakupiga mgongoni kidogo, unaenda. Mimi sina wa kunifunga. Kwa hivyo nilisema hii nguo ndio itanifunga."

"Wakwe watakimbia ukitokea na hii harufu," nikamwambia. Mdomo wangu hauna mlango.

"Najua, auntie. Ndio nimekuja." Akamgeukia Kavindu. "Lakini usiioshe. Ukiweka uso ndani, chini ya hizi dawa, chini ya hiki kinyevu, yuko. Mama yuko. Kidogo sana, lakini yuko. Toa uvundo, umwache mama."

Nilimwangalia Kavindu, nikamkodolea macho akatae. Kazi nyingine si za binadamu.

"Unataka nitoe maji kwa chai niache majani na sukari," Kavindu akasema.

"Unaweza?"

Sasa neno hilo usimwambie Kavindu. Mwambie chochote, mwambie hata ni mnene, lakini usimuulize kama anaweza. Akakunja ile gurbaba, akaiweka mapajani. "Njoo Jumamosi," akasema.

Kazi ilianza kivulini. Jua, anasema Kavindu, linapika uvundo mpaka unaiva ndani ya uzi. Akaitundika kwenye korido kunakopita upepo, akausugua ukungu kwa brashi kavu, polepole. Kisha akaleta lile pipa lake la bluu lenye kifuniko kinachobana. Chini akaweka makaa mazima mazima, magumu, ya kutoka kwao Kitui, yamefungwa ndani ya leso kuukuu. Juu yake waya, na juu ya waya gurbaba. Akafunika.

"Makaa yana njaa," alinieleza. "Ukiyafungia na kitu kinachonuka, yanakula harufu mpaka yashibe. Ndio unabadilisha."

Hayo makaa yaliyoshiba, Kavindu hayatupi. Mkamba atakutupa wewe kabla ya kutupa makaa. Asubuhi ya kwanza aliyatia kwenye jiko achemshe maji ya kuoga, na ploti nzima tulitoka nje tukikohoa. Vile vidonge vya mende vilirudi angani kama vimefufuka. Mzee Kagiri, keateka anayetutunzia ploti, alikuja mbio kutoka getini ameshika kofia mdomoni.

"Nani anachoma choo?" akauliza.

Kavindu alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. "Mmeona? Yanakula, halafu moto unayatapisha! Kila kitu kimo humo!"

Tulimtukana kidogo, akatoa lile jiko nje ya geti, mambo yakaisha. Sikulifikiria tena. Laiti ningalilifikiria.

Uvundo ulitoka kwa zamu. Vidonge ndivyo vilivyotangulia, vikafuata kutu ya bati, na baadaye kile kinyevu cha udongo ulionyeshewa. Kila mara Kavindu alifunua pipa, akatumbukiza uso, akabadilisha makaa. Yaliyotoka sasa aliyamwaga kwenye gunia lililo wazi nje. Na kadiri vile vibaya vilivyotoka, ndivyo yule mwingine alivyokaribia.

Mimi nilikutana naye mchana kweupe. Nilikuwa nasukuma chapati, mgongo wangu kwa ua, nikasikia harufu ya tangawizi, karafuu na mafuta ya mandazi, na chini yake jasho. Halikuwa jasho la uchafu. Ni jasho la mama aliyeamka alfajiri, amefanya kazi, na moyo wake umetulia. Nikasema, "Karibu, mama, zinaiva sasa hivi," nikageuka na sahani mkononi. Hapakuwa na mtu. Mlango wa Kavindu ulikuwa wazi na pipa lilikuwa limefunuliwa.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nilisimama pale na sahani yangu, nikasema maombi yote ninayoyajua, mengine mara mbili.

Jioni yake Mzee Kagiri alimsimamisha Kavindu. "Una mgeni na hujaniambia," akasema. "Nimempisha hapa getini asubuhi. Maji ya ploti ni ya watu walioandikishwa."

"Sina mgeni, mzee."

"Mama mnene kiasi, ana mwendo wa polepole. Sikumwona vizuri uso. Anapika kahawa?"

Kavindu aliingia ndani akafunga mlango, na tangu hapo alibadilika. Nilimsikia akifagia, akisema kwa sauti ya kawaida, "Songa kidogo." Akimimina chai alikuwa anamimina vikombe viwili, cha pili kinapoa mezani mpaka kinatengeneza utando. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema mgeni njoo, mwenyeji apone, akacheka peke yake. Sikukipenda kile kicheko. Kavindu alimzika mumewe na hakulia mbele yetu, na sasa alikuwa anacheka na mtu nisiyemwona.

Ijumaa nikaingia kwake bila kubisha. "Mpeleke kwao," nikamwambia. "Imetosha. Hata mimi nisiye na pua namsikia. Msichana alitaka mamake, mamake ndiye huyu. Funga shuka upeleke Makina leo."

Aliishika gurbaba kwenye pindo, akainusa inchi kwa inchi. "Bado uzi mmoja," akasema. "Hapa kwa pindo. Ukungu."

"Nani atanusa pindo? Bibi harusi anatambaa?"

"Mimi nimenusa."

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami nilimwambia hivyo hivyo. Akanitoa nje. Akalijaza lile pipa makaa mapya, chini na pembeni, na mengine akayafunga kwenye leso akayalaza juu ya nguo yenyewe. Kwa uzi mmoja. Akakifunga kifuniko na kukiwekea kigoda juu yake.

Jumamosi jioni, jua likielekea kuzama, alifungua. Alikuwa na haraka maana alikuwa ameloweka muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao, na muthokoi si chakula cha kuiva mara moja. Gunia la nje lilikuwa limenyeshewa na manyunyu. Basi akachota makaa ya pale pale kwenye pipa, akajaza jiko pomoni, akawasha, akabandika sufuria. Kisha akaitoa gurbaba aikunje.

Sitasahau jioni ile. Kwanza mimi mwenyewe niliacha chapati ikaungua. Ile harufu haikupita kama siku nyingine, ilitoka nyumbani kwa Kavindu ikasimama katikati ya ua, nzima, ya mtu mzima, ungeweza kuinyoshea mkono. Milango ikafunguka mmoja mmoja. Watu wa ploti yetu hawanyamazi hata kwa mazishi, lakini walinyamaza. Mama wa nyumba ya mwisho alikuwa analia bila kujua analilia nini, akasema amemkumbuka nyanyake. Na kule getini nilimwona Mzee Kagiri, yule yule wa maji, akivua kofia na kusogea kando kumpisha mtu. "Karibu, mama," akasema.

Kavindu alisimama mlangoni mashavu yamelowa. Gurbaba ilikuwa mikononi mwake, imekunjwa, tayari kwa shuka.

"Nimeweza, Wangoi," akasema. "Ona. Nimemtoa mzima."

Tulikula ule muthokoi pamoja. Ulikuwa mtamu. Bado moyo wangu haujaamua kama nitubu kwa kuula.

Afrah alikuja usiku umeshaingia, ametoka kupakwa hina, mikono ameiinua mbele yake isiguse kitu. Jiko lilikuwa limezimika na upepo ulikuwa umefagia ua. Kavindu alimfungulia shuka mapajani kwa majivuno, na msichana akainamisha uso.

Alikaa hivyo. Akahamisha uso kwenye kwapa la nguo, akahamisha kwenye kifua, akarudi kwapani. Alipoinuka uso wake ulikuwa mtupu.

"Mama hayuko," akasema.

"Nusa vizuri."

"Mama Mutinda, hayuko."

Kavindu akamnyang'anya. Akanusa vile anavyojua yeye, macho amefumba. Nikaona mabega yake yanashuka. Ilikuwa pamba. Ilikuwa kitambaa safi kinachonuka pamba, kama kimetoka dukani.

Afrah hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Nilimwambia nitarudi Disemba," akasema, akiangalia viganja vyake vyenye hina mbichi. "Akasema sawa, nitakungoja. Nilikuwa na uvundo na mama. Sasa sina yeyote."

Kavindu aliketi chini, kwenye sakafu.  Na mimi, kwa kukosa pa kutazama, nikatazama jiko. Nikakumbuka asubuhi ya vidonge vya mende, na Kavindu akishika mbavu. Yanakula, halafu moto unayatapisha.

"Kavindu," nikasema, "makaa ya leo uliyatoa wapi?"

Aliniangalia. Akaangalia jiko. Niliona akielewa, na nilitamani ningefunga mdomo wangu siku hiyo moja tu. Makaa hayachagui. Yalikuwa yamekula uzi wa ukungu, yakamla na Batuli. Halafu tukamchoma kupikia muthokoi. Ile harufu iliyojaa nyumba Kavindu akikunja nguo haikutoka kwenye nguo hata kidogo, ilitoka chini ya sufuria. Ploti nzima tulimwona mama wa watu akiaga, tukasema karibu.

Nilidhani Kavindu atalia. Badala yake aliruka, akalishika pipa, akapiga kifuniko juu yake kwa nguvu. "Leso!" akasema. "Yale ya juu ya nguo. Yale sijayawasha!"

Kwa kweli yalikuwemo, konzi moja tu, yamefungwa ndani ya leso vile alivyoyatoa juu ya gurbaba. Aliyahamishia kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku bila kuyaachia hewa, akakaza kifuniko, akamweleza Afrah bila kumficha chochote, jiko, muthokoi, vyote.

"Haya yalimlalia kifuani," akasema. "Ukiyaweka kwa mkebe, atakaa humo miaka. Lakini hutamnusa. Makaa hayarudishi bila moto. Ukiyawasha, atatoka mara moja. Halafu ni jivu."

"Na kama hatatoka?"

"Basi nitakuwa nimekumalizia mama. Na unaweza kuniambia neno lolote."

Afrah aliubeba mkebe kwa viganja vya mikono, hina na yote, akaenda nao.

Jumapili tulifunga vilemba vyetu tukaenda Makina, mimi na Kavindu, kwa kuwa hakuna aliyetukataza. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na mandazi. Afrah alikuwa chumba cha ndani na mama mdogo Zeinabu, mwanamke mkavu mwenye macho makali, ambaye alimwangalia Kavindu kana kwamba ni moshi. Chetezo kilikuwa sakafuni. Karibu yake tenga lililofunikwa gurbaba, tayari kufukizwa, na mkebe wa Kasuku, kifuniko bado kimekazwa.

"Ameukalia tangu alfajiri," Zeinabu akasema. "Hawashi, hatupi. Bwana harusi na watu wake wako njiani."

"Nikiwasha ataisha," Afrah akasema.

Kavindu alichuchumaa mbele yake. Nilimsikia akisema kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha mimi. "Mimi nina koti la marehemu mume wangu, Mutunga, ndani ya nailoni. Kila mwaka naogopa kulifungua. Nimelitunza hivyo mpaka sijui linanuka nini." Akainuka. "Fanya unavyotaka."

Afrah alifungua mkebe.

Zeinabu aliyawasha makaa mwenyewe, akachukua kipande cha udi kutoka kwenye kikopo. Kavindu akamshika mkono. "Usimfunike."

"Wewe utanifundisha udi nyumbani kwetu? Wewe uliyemchoma dada yangu kupikia chakula?"

"Mama mdogo," Afrah akasema, "wacha."

Udi ukarudi kikoponi. Tukangoja. Moshi ukapanda, moshi wa makaa tu, wa jiko lolote la Kibera. Nikasikia Kavindu ameacha kupumua. Makaa yakaanza kuwa mekundu pembeni, na bado hakuna kitu, na huko nje wanawake wakaanza vigelegele maana wageni walikuwa wamefika.

Kisha tangawizi.

Zeinabu ndiye aliyetangulia kugeuka, akatazama mlangoni, kwa hasira, vile unavyomtazama ndugu aliyekuchelewesha. "Batuli!" akasema. "Watu wanangoja tangu asubuhi!" Halafu akaketi kitandani akajifunika uso kwa mtandio.

Afrah hakungoja. Alilitoa lile tenga, akaketi kwenye kigoda kifupi, chetezo kati ya miguu yake, akajifunika gurbaba kichwa na mwili wote kama hema. Sisi watatu tukabaki nje. Nitasema sikusikiliza, lakini nitakuwa mwongo. Alikuwa anaongea. Alimweleza juu ya ile kanzu aliyoimalizia pasi. Alimweleza juu ya bwana harusi, Ramzy, kwamba ni mpole, kwamba hajui kula pilipili. Na kila baada ya maneno machache alinyamaza, muda ule ule ambao mtu hunyamaza akijibiwa, kisha akasema "ndio" au "sawa, mama." Mara moja alicheka. Nywele zangu zilisimama chini ya kilemba.

Alipotoka, makaa yalikuwa jivu. Gurbaba ilikuwa imefungwa mwilini mwake, imekaza, imechomekwa kwapani kwa unadhifu.

Zeinabu alimzunguka akitazama. "Nani amekufunga?"

"Sijui, mama mdogo. Kulikuwa na giza."

"Imechomekwa kushoto," Zeinabu akasema polepole. "Katika familia hii hakuna anayechomeka kushoto. Ni Batuli tu. Alikuwa na mkono wa shoto."

Afrah akamgeuzia mgongo, akangoja, na Zeinabu akaelewa, akampiga pale mgongoni kidogo kwa kiganja. Msichana akaenda.

Walipofika barabarani nilijipenyeza karibu yake katika ule msongamano wa ngoma na vigelegele, nikanusa. Upepo ulikuwa umechukua vyote. Aliniona nikinusa. Akatikisa kichwa, akatabasamu, macho yamejaa machozi.

Sherehe zao si za siku moja. Zilipoisha, Afrah alikuja Kawangware na gurbaba ndani ya mfuko wa kawaida wa soko, akaiweka mlangoni kwa Kavindu.

"Sa hii unaweza kuiosha, Mama Mutinda. Na sabuni. Mama ameshaenda."

"Una uhakika?"

"Nilimwaga jivu kwa maua. Ioshe tu, iwe nguo."

Akaketi kwangu, nikampa chapati na maharagwe. Kavindu akajaza karai maji, akapima magadi, akakunja mikono ya blauzi. Sikuona raha kumtazama. Kazi aliyokatazwa tangu siku ya kwanza, na sasa amepewa, mikono yake ilikuwa mizito. Akaitoa gurbaba mfukoni na, kwa mazoea tu, akatumbukiza uso ndani kabla ya maji.

Akabaki hivyo. Nikadhani analia. Kisha akainuka akaja kwangu na ile nguo, maji yanamngoja, akamwekea Afrah mapajani juu ya sahani.

"Nusa."

"Sitaki. Tafadhali."

"Nusa hapa kwa kwapa."

Afrah akainamisha uso taratibu, kama mtu anayeogopa kuungua. Alikuwa amecheza ngoma na ile nguo siku zote za sherehe. Akiwa ameivaa alikuwa amekaanga mandazi ya wageni, amemimina kahawa ya tangawizi, ametoa jasho jikoni na uwanjani. Hakuinua uso. Nikaona mgongo wake unapanda na kushuka.

"Ni mama. Lakini makaa yaliisha," akasema ndani ya kitambaa.

"Yaliisha."

"Sasa hii ni nini?"

"Ni jasho lako," Kavindu akasema. "Lako mwenyewe."

Kutoka getini tukasikia sauti ya Mzee Kagiri, imejaa ugomvi. "Kavindu! Yule mgeni wako wa juzi amerudi? Nimekuambia maji ya hii ploti ni ya walioandikishwa!"  Akaja mwenyewe, akiburura kandambili, kidole kimeshanyoshwa tayari. Alifika hadi kwenye jiko langu. Hapo akasimama. Akamtazama yule msichana aliyekumbatia nguo nyekundu, msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

Akavua kofia.

"Karibu, mama," akasema, na akasogea kando.